Mume wangu alivyoichimbia nyumba msingi mpya tukiwa tunalala ndani, ili iitwe "ya kudumu"

Wakuu, salaam kwenu nyote. Shikamoo zenu nimezipokea kabisa ili tusipotezeane muda.

Mimi ni bibi. Naandika kwa kidole kimoja, mjukuu ananisahihishia herufi. Ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu haya, na aliyeshika sururu nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Anayetaka kubisha abishe, ila asome mpaka mwisho kwanza.

Nimechokozwa na ule uzi wa juzi wa kijana aliyeuliza kama nyumba iliyokwisha kusimama inaweza kuongezewa msingi kwa chini. Mkamcheka. Mmoja akamwambia abomoe aanze upya, mwingine akasema huo ni uchawi.

Inawezekana. Sasa kaeni.

Mimi ni Mzigua wa Handeni, niliolewa Mkumbara, enzi za Ujamaa. Baba mkwe alikuja kutoka kusini kukata mkonge, akaoa huku, akabaki. Mume wangu mkonge hakuutaka, akajifunza uashi kwa mafundi waliokuwa wakijenga shambani. Alikuwa mtu wa maneno machache sana. Mimi niliongea kwa niaba ya wote wawili, na mpaka leo sijaacha.

Nilimwita Baba Zuhura, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza.

Zuhura alikufa kwa surua hata hajaanza kutembea vizuri. Tulimzika nyuma ya nyumba, upande wa chumba chetu, karibu na ukuta. Wakati ule watu walizika nyumbani kwao. Kila asubuhi nikifungua dirisha naona alipo. Kuna shangazi yangu alisema najiumiza bure. Mimi ilikuwa inanituliza.

Sasa nyumba yenyewe. Ilikuwa ya matofali mabichi, paa la nyasi, tuliijenga kwa haraka za ndoa. Tulikaa bondeni, ndani kidogo kutoka barabara kuu, na udongo wa kule ni mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka kifaranga anadumbukia kwenye ufa. Masika unavimba. Na msingi wetu ulikuwa mfupi, umekaa juu juu tu kwenye udongo huo huo. Kwa hiyo kona ya chumba chetu ikaanza kuachana, ufa ukawa unaingiza kiganja.

Tungeweza kuishi na ufa. Watu wengi waliishi nao.

Ila ikaja operesheni ya vijiji. Tukaitwa mkutanoni, tukaambiwa wote wa bondeni tutahamia kijiji kipya kando ya barabara, huko kutakuwa na shule, zahanati na maji ya bomba. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa namuwaza mwanangu nyuma ya nyumba.

Halafu msemaji akaongeza sentensi moja. Akasema, "Nyumba za kudumu hazitaguswa. Wenye nyumba za kudumu watabaki walipo."

Baba Zuhura akanigeukia. Sikumbuki lini kabla ya hapo niliona uso wake umechangamka vile.

Njiani akaniambia, "Mama Zuhura, hatumwachi peke yake. Nyumba nitaifanya iwe ya kudumu."

Nikamuuliza ataifanyaje. Akasema atashusha msingi mpaka kwenye ardhi ngumu.

Wakuu, kwa fundi, nyumba ya kudumu ni nyumba yenye msingi. Alifundishwa hivyo na ndivyo alivyoamini. Wala hakurudi kumuuliza yule msemaji maana ya neno lake, na mimi mwenye mdomo sikuuliza.

Mlioomba ufundi, someni hapa.

Huchimbi ukuta mzima. Ukifanya hivyo nyumba inakuangukia na utazikwa na matofali yako mwenyewe. Alichimba shimo fupi chini ya msingi wa zamani, upana wa mtu kukaa na kufanya kazi. Akashuka, akaupita udongo mweusi wote, mpaka sururu ikagonga changarawe ngumu. Hapo akapanga mawe na saruji kutoka chini kwenda juu. Ile nafasi inayobaki kati ya mawe mapya na msingi wa zamani akaishindilia zege kavu kavu kwa ncha ya mti mpaka ikakataa kuingia.

Kisha anaacha ikauke. Hachimbi shimo la jirani. Anaruka, anakwenda mbali kidogo ukutani, anachimba jingine. Yale ya mwanzo yakishakamata ndipo anarudi kujaza ya katikati. Nyumba ikawa kama mtoto anayeng'oka meno, pengo hapa pengo pale, na sisi tunapika na kulala ndani.

Mawe nilibeba mimi kutoka korongoni, kwa kichwa, nikiwa na mimba ya Hamisi. Majirani walikuwa wanafunga mizigo yao, wanapita wanatutazama. Jirani mmoja akaniuliza kama mume wangu ana akili timamu. Nikamjibu kama hana za kuwatosha ninyi, angalau ana za kunitosha mimi. Tukacheka. Moyoni nilikuwa naogopa.

Upande wa kaburi aliuacha mwisho.

Pale hakuchimba kutoka nje, maana angelazimika kusimama juu ya mtoto. Alitoa kitanda, akavunja sakafu ya chumba chetu, akashuka kutokea ndani. Udongo wote alinipa kwa karai, nami nikautoa kwa mlango wa mbele. Alichimba polepole, sururu akaiweka kando, akawa anakwangua kwa jembe lililokatwa mpini. Niliona mabega yake yanatikisika mle shimoni. Kuna mambo hata mimi nanyamaza.

Alipobakiza shimo moja tu, akaliacha wazi makusudi. Alitaka mkaguzi wa operesheni akija ayaone mawe kwa macho yake, asije akasema anadanganywa.

Mkaguzi akaja, kijana mstaarabu tu, hana ubaya. Alifuatana na balozi wetu wa nyumba kumi. Akasalimia vizuri, akasimama uani, akatazama juu. Akaanza kugeuka aondoke.

Baba Zuhura akamwomba aingie chumbani. Yule kijana akaingia, akainama, akatazama shimoni.

Akasema, "Kazi nzuri sana, fundi. Lakini nyumba hii ni ya nyasi."

Mume wangu akasema, "Msingi wake umefika kwenye changarawe."

Kijana akasema kwa upole, "Naona. Ila ya kudumu, maana yake ya bati."

Ikawa imekwisha. Neno moja. Sisi tulishuka chini kulitafuta, kumbe wenzetu walilitundika juu ya paa.

Balozi alijaribu kututetea, akasema tupewe muda tutafute bati. Kijana akasema hana uwezo huo, lori limeshapangwa. Namwamini. Hata yeye alikuwa ametumwa.

Walipoondoka, nilimtazama mume wangu akivua kanzu aliyoivaa kwa ajili ya mgeni. Akavaa kaptula yake ya kazi. Akachanganya saruji iliyobaki, akashuka kwenye lile shimo la mwisho, akaanza kupanga mawe.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia, "Unamjengea nani? Kesho kutwa tunahama."

Hakuinua kichwa. Akasema, "Zuhura yupo hapa. Sitamwachia shimo."

Nilikaa kwenye sakafu ile iliyovunjwa, nikamsogezea mawe. Nililia wala sikujificha. Alimaliza, akashindilia, akarudisha udongo, akasawazisha sakafu kwa mkono. Tulirudisha kitanda mahali pake kama watu wanaokaa.

Lori likaja. Paa likashushwa ili tusirudi.

Kijiji kipya tulijenga kibanda cha miti na udongo, msingi hakuna kabisa. Fundi mzima. Nilimuuliza, akasema ardhi ya pale nzuri, haihitaji. Sikumsadiki. Nadhani alikuwa amemaliza misingi yake yote kule bondeni.

Shule ilikuja kweli, nisiseme uongo. Hamisi alisoma pale. Maji ya bomba tuliyangoja sana.

Ila kuna jambo hili. Kule watu walichanganywa kutoka sehemu nyingi, hawakutujua. Hamisi alipozaliwa wakaanza kumwita mume wangu Baba Hamisi. Naye akaitika. Kijiji kizima ni mimi tu niliyebaki namwita Baba Zuhura, na kila nikimwita hivyo alikuwa anageuka taratibu kuliko akiitwa lile jingine.

Aliniomba jambo moja, kwamba akifa apelekwe bondeni kwa mwanawe.

Alikufa masika, bonde limejaa maji, njia haipitiki hata kwa miguu. Nanyi mnajua kwetu Waislamu maiti haingojeshwi. Wazee wakaniambia, "Mama Hamisi, Mungu anajua nia yako." Akazikwa kwenye makaburi ya kijiji, jirani na watu asiowajua.

Mwaka huu mjukuu wangu, mtoto wa Hamisi, akanipakia bodaboda tukaenda bondeni. Nilitaka kuona mara moja kabla macho hayajazima.

Matofali yote yamerudi kuwa udongo. Vichaka vimejaa. Ila tulipofyeka, msingi ulikuwepo, pembe zote nne, haujapasuka popote. Mjukuu akalaza simu yake juu ya mawe, ana kitu humo cha kupimia, akasema, "Bibi, bado umelala sawasawa." Nikamwonyesha palipokuwa na kitanda, na upande wa pili wa ukuta nikamwonyesha shangazi yake. Hakuwahi kujua kwamba ana shangazi anayeitwa Zuhura.

Basi wakuu, funzo la ufundi mmelipata, chimba fupi na uruke. Funzo la pili, mkubwa akikutamkia neno, muulize lina maana gani kabla hujalivujia jasho.

Na msaada ninaoutaka kwenu ni huu. Hamisi anasema siku yangu ikifika atanilaza kijijini pembeni ya baba yake. Ni haki, yule ni mume wangu. Lakini mtoto kule bondeni yuko peke yake, na baba yake aliahidi hatumwachi.

Mjukuu atanisomea komenti zenu zote. Nambieni, mama atalala wapi?