Koplo Genoveva Anasubiri Kupigiwa Simu

Ukimwambia Mama Genoveva neno, atakurudishia lile lile kabla hajafanya lolote. Muuza genge wa Kimara akisema, "Mama, nyanya za leo zimepanda," yeye hujibu, "Nyanya za leo zimepanda. Nimekupata," ndipo aanze kuchagua. Watoto wa mtaani kwake humwigiza na kucheka. Wageni hudhani anawadhihaki.

Alifundishwa hivyo jeshini. Mpokeaji wa simu ya upepo hakubali ujumbe mpaka aurudie neno kwa neno, na aliyeutuma aseme sawa. Kwa miaka kumi na mitano hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Leo ana umri wa miaka sitini na moja, sikio la kushoto halisikii kabisa, la kulia linafifia, na desturi ile imegeuka mkongojo wake. Akirudia vibaya, utamsahihisha. Hatalazimika kusema kwamba hakusikia.

Genoveva Chilumba alizaliwa Ndanda, akaingia jeshini mwaka 1984, miaka mitano baada ya vita vya Kagera kwisha. Alipotoka mwaka 1999 alikuwa koplo, na hakuwahi kufyatua risasi nje ya uwanja wa shabaha. Vita havikumkuta. Radi ilimkuta.

Ilikuwa masika ya mwaka 1993, katika kambi moja ya kusini. Lori lenye askari tisa lilikwama katikati ya mto uliofurika, na askari mmoja aliyeitwa Fredrick alikuwa akimsomea Genoveva kimo cha maji kwa simu ya upepo: yamefika kwenye gurudumu, yamefika kwenye ngazi, yameingia ndani. Amri ya kambi ilikuwa wazi kwamba radi zikianza, mtambo uzimwe na hedfoni zivuliwe. Radi zilianza. Genoveva hakuzima. Mlingoti wa mtambo ulipopigwa, alisikia mlio kama bati linalopasuliwa ndani ya kichwa, kisha upande wa kushoto ukawa kimya. Akahamishia hedfoni upande wa kulia, akaendelea kuliongoza trekta lililotumwa kuwavuta mpaka kwenye lori. Wote tisa walitoka.

Asubuhi mkuu wa kambi aliwapongeza waliovuta kamba. Genoveva alinyamaza. Kutaja sikio kungekuwa kutaja amri aliyoivunja. Kwa hiyo katika faili lake la afya hakuna hata mstari mmoja kuhusu sikio, na kosa la kunyamaza siku ile limemfuata mpaka Kimara.

Mwaka jana aliacha kwaya ya parokia. Alikuwa kiongozi wa sauti ya pili, lakini alianza kuingia akiwa amechelewa, wenzake wakimgeukia. Daktari alimwambia sikio la kulia bado linaweza kusaidiwa kwa kifaa cha kusikilizia, ila asikawie sana, maana sikio likizoea ukimya huwa gumu kulirudisha. Kifaa hicho hangeweza kukinunua. Ndipo aliposikia kwamba kuna uhakiki wa wanajeshi wastaafu, na kwamba walioumia kazini watapewa kadi ya matibabu.

Siku ya uhakiki alifika kwenye uwanja wa shule alfajiri, akiwa na Munira, binti anayepanga chumba nyumbani kwake. Maturubai yalikuwa mawili. La mbele lilikuwa na viti vilivyovikwa vitambaa vyeupe, na hapo walikaa wazee wa Kagera na medali zao vifuani. La nyuma lilikuwa na mabenchi ya darasani kwa ajili ya "wengine". Hivyo ndivyo walivyoitwa kwenye kipaza sauti. Jenereta ya kipaza sauti iliwekwa nyuma ya mabenchi hayo ili isiwasumbue wazee wa mbele.

Wazee wa vita waliitwa kwanza, mpaka adhuhuri. Wengine walianza kuitwa saa tisa, Munira akiwa ameshaondoka kwenda kazini. Genoveva alikaa akitazama midomo ya watu, na jenereta ikinguruma mgongoni mwake. Jioni, uwanja ulipobaki na mafundi wanaoshusha maturubai, alikwenda mezani. Karani alipitisha kalamu kwenye orodha.

"Umeitwa mara tatu, mama. Nimeandika hayupo."

"Nimeitwa mara tatu. Hayupo," alirudia Genoveva. "Lakini nipo." Akamwonyesha sikio lililoumia kazini.

"Rudi Alhamisi, siku ya mwisho. Na uje na uthibitisho wa hilo sikio."

Uthibitisho pekee uliobaki ulikuwa Keko. Fredrick siku hizi hutengeneza vitanda na makabati kando ya barabara. Alipomwona akija alisimama wima, randa mkononi, maranda yamejaa ndevuni.

"Afande Geno! Shikamoo!"

"Shikamoo ya nini, tumelingana umri."

"Umri tumelingana, cheo hatujalingana."

Alimweka kwenye kitanda kisicho na chaga, naye akaketi upande wake wa kulia. Genoveva alimwambia alichofuata. Fredrick akachana ukurasa kwenye daftari la vipimo.

"Mie hiyo kadi siifuatilii tena," alisema huku akiandika kwa penseli ya useremala. "Niliwaeleza habari za mgongo wangu, wakaniuliza niliumia vita gani. Nikawaambia vita vya kupakua mbao. Wakacheka, nami nikacheka. Basi, ikaishia hapo."

Aliandika kwamba yeye na wenzake wanane waliokolewa na sauti ya koplo huyu, kwamba radi ilipopiga aliisikia sauti yake ikikatika kisha ikirudi, na kwamba anaona aibu kumkumbuka kila masika bila kuwahi kumtembelea. Akatia sahihi. Penseli ya useremala ni nene, na barua ilijaa pande zote mbili.

Alhamisi Munira aliomba ruhusa kazini, akaja naye na kusimama pembeni ya turubai, na safari hii Genoveva hakwenda nyuma. Alipita katikati ya viti vyeupe, akakaa mstari wa kwanza, sikio la kulia likielekea kipaza sauti. Askari kijana alimwinamia.

"Mama, viti hivi ni vya wazee wa vita."

"Viti hivi ni vya wazee wa vita. Nimekupata," alijibu, akabaki pale pale.

Kijana alisita. Kwenye kiti cha jirani alikuwa Mzee Badru, mwenyeji wa Temeke, mkono wake wa kushoto ukiwa umeishia kwenye kiwiko tangu Kagera.

"Mwache," alisema. "Unaogopa atakula kiti?"

"Mzee, ni utaratibu."

"Utaratibu naujua, ulinikata mkono. Mwache bibi wa watu akae." Kisha akamgeukia Genoveva. "Na wewe usifikiri huku mbele ni peponi. Soda moja na kofia. Mikono na miguu ya bandia tuliyoahidiwa, wenzangu wameondoka duniani bila kuiona."

Genoveva alirudia taratibu, "Soda moja na kofia."

"Sawasawa. Umenipata vizuri."

Jina lilipotajwa hakulisikia vizuri hata hapo mbele. Mzee Badru ndiye aliyemgusa bega kwa fimbo, kisha akamfuata mezani pamoja na Munira, ingawa mzee alikuwa amemaliza shughuli zake. Mezani alikaa luteni, kijana mwenye miwani na adabu, aliyesimama kidogo kumwamkia. Alisoma barua ya Fredrick pande zote mbili, akaisoma tena.

"Mama, nakuamini," alisema. "Lakini fomu ina sehemu ya vita au operesheni. Ukiacha wazi, unaingia kundi la tatu. Kundi la tatu linasubiri kamati, na kamati haina tarehe."

"Kamati haina tarehe."

"Ndiyo. Ikikaa, utapigiwa simu."

Mzee Badru aliangua kicheko mpaka akashika meza. "Kijana! Mtu amekuja kukwambia ni kiziwi, unamwahidi simu?"

Luteni aliinamisha macho kwenye karatasi. Genoveva hakucheka. Alivuta kiti, akakaa bila kuambiwa, na alipoanza kusema ilikuwa kwa sauti ambayo Munira hakuwahi kuisikia nyumbani, kavu na isiyo na haraka.

"Pokea ujumbe, afande. Koplo Genoveva Chilumba, kikosi cha mawasiliano. Sikio la kushoto lilikufa akiwa kazini, Aprili 1993. Askari tisa walitoka hai. Rudia."

Luteni alimtazama Mzee Badru, kisha akamtazama tena yeye.

"Rudia," alisema Genoveva.

Akarudia. Aliposema "askari wanane", alisahihishwa, akaanza upya. Mara ya pili hakukosea, na alipomaliza alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. Kwenye nafasi ya vita au operesheni aliandika ujumbe wote kwa herufi ndogo, mpaka ukavuka mstari na kuingia pembezoni. Kisha akagonga muhuri wa kundi la tatu, kwa sababu mwingine hakuwa nao.

"Zaidi ya hapo sina uwezo, mama."

"Zaidi ya hapo huna uwezo. Nimekupata."

Tangu siku hiyo imepita miezi minne. Kwaya imepata kiongozi mwingine wa sauti ya pili, naye Genoveva hukaa benchi la mbele kanisani, akitazama mikono ya mwalimu wa kwaya. Simu yake Munira ameiweka kwenye mtetemo, na Genoveva huifunga kwenye pindo la khanga kiunoni, mchana na usiku, ili ikiita aihisi mwilini. Hutetemeka mara nyingi. Jana ilitetemeka akiwa anaanua nguo. Aliliacha shuka likining'inia kwa pembe moja, akaja mbio mbio, akamkabidhi Munira simu.

Munira alisikiliza, akakata.

"Si wao, mama. Ni kampuni ya simu, wanakupongeza eti umechaguliwa kwenye bahati nasibu."

"Si wao," alisema Genoveva. "Nimekupata."

Akaifunga tena kiunoni, akarudi kumalizia shuka.