Mama Alipoanza Kutaja Majina

Mama hakuwa mtu wa majina. Nyumbani kwetu Nyakasimbi mwiko uliitwa "ule wa kugeuzia", na jirani yetu, mzee aliyetoka Burundi zamani kutafuta vibarua, alikuwa "yule anayejua kunyamaza". Mimi aliniita "mwenye kuniwahi", kwa sababu niliona anachohitaji kabla hajasema. Nilirithi kichwa chake. Tulielewana kwa nusu ya sentensi, hata kaka yangu akawa anakasirika wakati wa kula: "Nyie wawili mnasema nini?"

Alipozeeka na kuanza kupotea kwenye kibanja chake mwenyewe, katikati ya migomba aliyoipanda, nilimpeleka Rubwera, nilikokuwa na duka dogo, akapimwe. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliinua kalamu.

"Bibi, hii ni nini?"

"Ya kuandikia."

Akaonyesha saa yake ya mkononi.

"Ya kukuambia umechelewa."

Daktari akanitazama kwa huruma. Nikamwambia, "Huyu ndivyo alivyo tangu ujana wake." Akasema basi tusubiri, tuangalie. Niliondoka nimeudhika.

Nikafunga duka, nikarudi kuishi na Mama. Masika yalipoanza, naye akaanza kutaja majina. "Mwiko." "Jembe." "Ndoo." Aliyatamka polepole bila kukosea, kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku moja akaniita kwa jina langu la ubatizo. Nilifurahi mno. Nikampigia simu kaka, aliyekuwa akiishi Omurushaka: "Mama anapata nafuu."

Asubuhi moja nilimwekea ndizi za kumenya, kazi aliyoifanya tangu utotoni, nikaenda kuchanja kuni. Niliporudi alikuwa ameshika kisu upande wa makali, damu inamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Hakuwa akilia.

"Mama! Umefanya nini?"

"Kisu," akasema, akinipa.

"Ndiyo, Mama. Cha kufanyia nini?"

Alikitazama mpini, akatazama makali.

"Kisu," akarudia, kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi.

Nilimfunga kidonda kwa kipande cha kanga. Maisha yake yote majina yalimponyoka, na kazi ya kila kitu akaijua. Sasa alikuwa amebaki na majina matupu. Hata langu.

Siku hizi namenya ndizi mwenyewe. Yeye hukaa karibu na mlango, mikono mapajani, akitazama mvua. Jumapili, ibada ikiisha, kaka huja na mkate.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," anaitikia, kisha anamtaja jina, lote, wazi kabisa.

Kaka huangua kicheko cha furaha. "Umesikia? Hajanisahau!"

Mimi naenda jikoni kumtengenezea chai, na nakaa huko hata baada ya maji kuchemka.