Kamba Iliyofungwa kwa Hasira

Tuliondoka Brussels kwa mashua ya tanga, mlingoti ukiwa umelazwa kwa sababu ya madaraja, tukielekea maziwa ya Uholanzi. Mume wangu hakuwa akisema nami. Asubuhi hiyo nilikuwa nimempa mtu aliyelala kando ya mfereji moja ya blanketi zetu mbili.

«Bon, huruma yako njo utajifunika nayo usiku,» alisema, kisha akaenda kushika usukani.

Tuliingia katika chumba cha maji, ambamo malango hufungwa na maji hupunguzwa ili mashua ishuke. Kamba inayoizuia mashua ukutani hushikwa mkononi na kulegezwa kidogo kidogo. Badala ya kuniomba niishike, aliifunga fundo kwenye nguzo. Maji yaliposhuka, mashua ilibaki ikining'inia upande mmoja, vyombo vikiporomoka.

«Leta kisu.»

«Omba kwanza.»

«Bateau inapinduka, na weye unatafuta heshima?»

«Nataka uniombe.»

Aliniomba kama mtu anayetema mate. Nilikata kamba, mashua ikaanguka majini kwa kishindo. Malango yalipofunguliwa, alisubiri niwashe injini, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Nilipanda ngazi ya ukutani, nikarudi nyumbani kwetu Etterbeek kwa miguu.