Usingizi wa Nyumba ya Kukhu

Mimi si mtu wa maneno mengi. Mwalimu akiniita tu nisimame, sauti inajificha. Kwa hiyo yale ninayotaka kuyasema nayaandika, na leo nataka kuandika juu ya usingizi, kwa sababu mwaka jana kuukosa kulikaribia kuninyima shule.

Usingizi ninaoukumbuka ni wa Buteba, kwa kukhu, mama yake baba. Kwetu msichana akishaanza kuota meno ya ukubwa halali tena kwa wazazi wake. Analala kwa bibi pamoja na wenzake. Tulikuwa wengi kwenye mkeka mmoja mpana wa mafunjo, na likizo zikifika tuliongezeka, maana mabinti wa shangazi walivuka mpaka kutoka upande wa Kenya wakiwa na nguo zao kwenye vitambaa.

Kukhu alikuwa na amri moja tu: hakuna kupanda mkeka na miguu ya vumbi. Ugali wa wimbi ukishaiva, alibandika sufuria ya maji kwenye mafiga yaliyobaki na moto, na tukaoshana miguu kwa zamu kwenye karai moja, wadogo kwanza. Mimi nilikuwa wa katikati. Maji yalinifikia yakiwa bado na joto, ila rangi yake ilikuwa ya chai. Mpaka leo sijui kitu kizuri kama miguu yenye joto inayoingia chini ya blanketi.

Halafu zilianza kelele.

"Toa goti lako mgongoni kwangu!"

"Goti langu? Mimi yangu nimeyakunja. Uliza huyo anayejifanya amelala."

"Nani anaongea?" kukhu aliuliza kutoka kitandani kwake. "Anayeongea ndiye atakayeteka maji kesho."

Magoti yote yalikunjwa. Nilisikia kikopo chake cha ugoro kikifungwa, tik, na baada ya hapo sikusikia kitu tena mpaka moshi wa asubuhi.

Nilipochaguliwa kwenda sekondari Tororo, nilipewa kitanda cha chuma cha peke yangu. Niliona fahari sana. Lakini kidato cha pili mitihani ya muhula wa kwanza iliniangusha, hesabu hasa, na mwalimu mkuu akaniita ofisini. Hakupiga kelele. Alisema wako wengi wanaotaka nafasi yangu, na kwamba nikianguka tena muhula wa pili ataitoa. Nilijibu "Ndiyo, madamu," nikaenda kulia nyuma ya jiko.

Kiranja wa bweni letu alinionea huruma. "Wewe unalala mno, ndiyo maana," alisema. "Njoo nikufundishe tunavyosoma sisi." Akanionyesha beseni. Taa zikishazimwa, wasichana wa mitihani walijificha chumba cha kufulia na koroboi, kila mmoja miguu yake ndani ya maji ya baridi ili usingizi usimshike. Mwili ukiyazoea maji, unaongeza mengine. Niliingia kwenye kundi hilo kwa furaha. Mara ya kwanza tangu nije shule nilialikwa mahali.

Usingizi haukunishika usiku, ni kweli. Ulinishika mchana. Nilisoma ukurasa mmoja wa jiometri mara nyingi, na nilipofunga kitabu ulikuwa mweupe kichwani. Mafua hayakuniacha. Nilianza kulia kwa mambo madogo, hata sabuni ikianguka. Na kila nilipozidi kusahau, nilizidi kuongeza maji.

Katikati ya muhula tulipewa siku chache za kwenda nyumbani. Baba mdogo alinipokea kwenye kituo cha basi kwa baiskeli, nikakaa nyuma kwenye keria na sanduku langu mapajani. Yeye ni mtu wa kupenda mpira, akaanza kunisimulia mechi. Kilichofuata ni kwamba nilikuwa nimekaa ndani ya majani kando ya barabara, sanduku limefunguka, na baba mdogo yuko mbele kule anaendelea kusimulia na kunyoosha mkono kuonyesha goli lilivyoingia. Alifika kwenye kilima ndipo akaona baiskeli imekuwa nyepesi.

"We mtoto! Umelala juu ya baiskeli?"

"Sijui, baba."

"Goli lenyewe hukulisikia?"

Kukhu aliposikia habari hiyo alinishika kidevu, akavuta kope zangu chini. "Macho kama ya samaki wa juzi," alisema. "Huyu ana minyoo." Akachemsha mizizi yake, michungu ajabu, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza kikombe. Kisha, jua likiwa bado halijazama vizuri, akaniosha miguu yeye mwenyewe kwa maji ya moto kama mtoto, akanifunika.

Niliamka kesho yake kuku wakiwa wameshatawanyika. Binamu yangu mmoja alikuwa mlangoni anacheka: "Maiti imefufuka!" Siku zote zile nililala hivyo. Siku ya mwisho, nikiwa nabangua karanga, swali la pembetatu lililonitesa lilijipanga lenyewe kichwani, mstari baada ya mstari. Niliacha karanga nikalichora mavumbini kwa kidole. Lilikuwa sawa.

Niliporudi Tororo, beseni langu lilikuwa limeshajazwa. Kusema kweli, kukataa kuliniogopesha kuliko mtihani.

"Mimi... nitalala," nilimwambia kiranja.

"Ulale? Mwalimu mkuu amekuita ofisini, na wewe unalala?"

"Bibi harusi huyo, mwacheni alale!" mwingine akadakia, wakacheka wote. Nilijifunika mpaka kichwani. Nilidhani sitalala kwa aibu, lakini nililala. Nililala kila kengele ya kuzima taa ilipolia, nikasoma alfajiri kabla wengine hawajaamka.

Mtihani niliupita. Si kwa kishindo, nilikuwa wa katikati, kama kwenye karai. Lakini hesabu nilipita, na mwalimu mkuu akasema nafasi ni yangu.

Kukhu anawaambia watu wote ni ile dawa ya minyoo. Kila muhula ananifungia chupa nzima, na mimi sina mdomo wa kumbishia. Naimwaga nyuma ya bweni.

Likizo hii nimelala tena kwake. Binamu zangu wengi wameolewa, wengine upande ule, wengine upande huu, na kwenye mkeka tumebaki mimi na mdogo mmoja tu. Maji ya karai sasa ni safi na ya moto, nayamaliza nitakavyo. Jana nilimwambia huyo mdogo asogee karibu.

"Goti langu litakuumiza," alisema.

Nikamwambia aliache hapo hapo.