Sharti la Kwanza Lilimmeza Mjamzito

Saa nne asubuhi, katika chumba chenye meza tatu na feni moja inayolalamika, Fundi anaingiza taarifa zake mwenyewe kwenye mfumo wa dawa wa hospitali. Umri, uzito, na ile hali inayotangulia mlangoni kabla yake: mjamzito, miezi minane. Ni jaribio tu. Anabonyeza, mashine inatema lebo ya dawa. Anaisoma, anairudia, kisha anaketi taratibu, mkono tumboni.

"Ilinipa dawa ya mtu mzima yeyote," anasema. "Dawa ile mjamzito hapewi. Na mfumo huo mimi ndiye ninayeutunza."

Wenzake wanamwita Fundi kwa sababu haanzishi programu mpya; anakarabati kuukuu, kazi isiyopigiwa makofi na mtu. Hii ya hospitali aliirithi kwa watu waliokuja wakaondoka. Ndani yake alikuta msururu wa masharti: kama mgonjwa ni mtu mzima, fanya hivi, la sivyo, kama ni mtoto, fanya vile, la sivyo, la sivyo, mpaka macho yatoke maji.

Kosa lenyewe ni la kawaida kwa watu wa kazi hii. Kompyuta husoma msururu kuanzia juu, na sharti la kwanza kukubali ndilo linalomaliza mambo. Kila aliyetumwa kuongeza kitu aliogopa kugusa ya wenzake, akabandika lake mkiani. Huko ndiko alikowekwa mjamzito. Lakini mjamzito ni mtu mzima, kwa hiyo sharti la juu lilimnyakua kabla hajafika kwenye lake. Kichanga naye alimezwa na sharti la mtoto. Masharti yao yapo, yameandikwa vizuri kabisa, na hayajawahi kufikiwa hata siku moja.

Alishuka wodi ya wazazi kuuliza ni nani aliyeumia. Muuguzi mkuu alimshangaa.

"Hizo lebo? Tunazikata kwa kalamu na kuandika dawa sahihi, mwanangu. Kila siku. Tulidhani ndivyo mashine zilivyo. Mgeni akianza kazi hapa, hilo ndilo tunamfundisha kwanza."

"Na hamkutuambia, Sista?"

"Nyie mmewahi kushuka kuuliza?"

Hakuna aliyeumia. Habari hiyo, badala ya kumtuliza Fundi, ndiyo iliyomliza palepale kwenye korido. "Ilibaki zamu moja tu ya mtu aliyechoka," anasema. "Watu wanaponea chupuchupu kila siku, na sisi huku juu tunajisifu kwamba mfumo haulalamikiwi."

Lebo za wodi hiyo zilisimamishwa siku hiyohiyo. Mkubwa wake alitaka sharti la mjamzito lipandishwe juu, yaishe. Fundi alikataa katakata.

"Bosi, kesho ikija aina nyingine ya mgonjwa, mtu ataibandika mkiani tena, na sisi tutakuwa tumelala."

Akaubomoa msururu mzima. Anaeleza kwamba programu ya zamani ilimhoji mgonjwa kama mlinzi wa getini: wewe ni huyu, au yule? Sasa kila aina ya wagonjwa ina fungu lake, kipande cha programu kilichobeba kanuni zake za dozi. Mgonjwa anapangiwa fungu mara moja, mapokezi. Baada ya hapo programu haiulizi mtu ni nani. Inasema tu "toa dozi", na fungu linajibu lenyewe. Aina mpya ikija, inajengewa fungu lake bila kugusa mengine.

Akimaliza likizo ya uzazi, anapanga kubisha hodi hospitali nyingine, akaombe kufunguliwa programu zao.

Mama mkwe, aliyekuja kumsubiri mjukuu, amesikia kisa chote na hataki kusikia zaidi. Ameshafungasha kanga na nguo za mtoto, na ameamuru wahamie hospitali ya upande wa pili wa mji.

"Nitazaa hapahapa, mama," Fundi alimjibu. "Hapa nimeona ndani. Huko sijui nani kawekwa mwisho."