Sauti Yangu Iliingia Ndani Kabla Yangu

Jamani, hii nawasimulia kwa sababu najua mmeshaisikia vipande vipande kwa Skola, na Skola akisimulia anaongeza chumvi, sasa bora mnicheke kwa ukweli kuliko mnicheke kwa uongo. Ni aibu, nakubali kabisa, na mpaka leo nikipita njia ya Msanzi kofia naivuta chini.

Mnanijua, nina kile kibanda changu cha fotokopi hapa Chanji, picha za pasipoti, kuchapa barua, kazi ndogo ndogo, na wateja wakiwa hawapo (yaani muda mwingi) nacheza gemu kwenye kompyuta ileile ya kazi. Wakati huo nilikuwa nimezama kwenye gemu moja la udukuzi. Unakuwa jamaa fulani ndani ya mji mkubwa, mji wote uko wazi, unakwenda popote unapotaka hakuna wa kukuuliza, na silaha yako ni simu tu, unadukua taa za barabarani, mageti, kamera, mpaka simu za wapita njia. Nilikuwa nalala nalo, naamka nalo. Rafiki yangu Kenani, yule wa Mbeya, naye alikuwa analitamani, ila hakutaka kutoa hela yake kabla sijamwambia uzuri wake na ubaya wake (Kenani hata soksi hanunui bila ushauri).

Katikati ya ulevi huo ikafika siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Skola, mchumba wangu, huko Msanzi. Mama yangu akapiga simu kutoka Tukuyu: "Gwamaka mwanangu, huko Ufipa nenda kwa adabu, watu wa huko wana mambo yao." Akanionya mimi kuhusu Wafipa, akasahau kuwaonya Wafipa kuhusu mimi.

Skola naye akanipa onyo moja tu: "Ongea yote, ila usimtajie baba habari za simu." Sababu ni kwamba msimu uliopita baba yake, Mzee Deo, aliuza mahindi, hela ikaingia kwenye simu, kesho yake akapigiwa na mtu mwenye sauti ya heshima kweli kweli, bonyeza hiki mzee wangu, bonyeza kile, mzee akabonyeza, hela ya msimu mzima ikayeyuka. Tangu siku hiyo simu yake anaifunga kwenye leso na kuifukia ndani ya debe la ulezi, ukimpigia lazima urudie rudie mpaka waichimbue. "Vijana wa mjini anawaogopa," Skola akaniambia, "na sisi ni Wakatoliki, wewe ni Mlutheri tayari, usiongeze lingine."

Nikasema sawa. Nikanunua suti, na nikabeba zawadi ya mzee, maana nilisikia anapenda sana kwaya: spika ndogo ile inayoungana na simu bila waya. Mshenga wangu alikuwa Mzee Lusajo, Mnyakyusa mwenzangu anayeuza vitenge sokoni, mtu wa maneno matamu.

Tulipokewa vizuri jamani, sitawadanganya. Shikamoo, marahaba, karibuni, poleni na upepo. Sebuleni alikuwepo Mzee Deo, Mama Skola, shangazi mtu anaitwa Yustina, na wazee wawili wa jumuiya. Skola yuko jikoni, haitwi mpaka muda wake. Nikatoa spika, nikaiunganisha na simu yangu, nikapiga wimbo wa kwaya, mzee akafumba macho, akaanza kutikisa kichwa, shangazi akasema, "Huyu kijana ametulia." Mzee Lusajo akanikonyeza. Nikajiona nimeshaoa.

Ikaletwa togwa ya ulezi, wazee wakageukia Kifipa kidogo watete wenyewe, na mimi nikaona huo ndio muda wa kutoka kupunga upepo. Nje simu ikatetema, Kenani kaandika: "Oya, lile dude vipi, nichukue nisichukue? Bei inapanda leo." Ningeweza kumjibu jioni. Ningeweza kuandika "chukua" nikarudi ndani. Lakini mimi nikiulizwa maoni huwa siwezi kujizuia, nikazunguka nyuma ya kihenge cha mahindi, nikamrekodia ujumbe wa sauti, mrefu, wa kitaalamu, mkono mmoja mfukoni. Nikatuma. Na nina ugonjwa mmoja, nikishatuma sauti lazima niisikilize mwenyewe, nifurahie nilivyoongea.

Nikaiweka simu sikioni. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikajua vumbi limeingia, nikaipuliza, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaanza upya toka mwanzo. Kimya kabisa. Ila ndani ya nyumba nikasikia kuna mwanaume anaongea, anaongea kwa nguvu, anajisikia, nikajiuliza ni mgeni gani huyo mwenye domo hivyo kwenye shughuli yangu. Nikatega sikio.

"...unasimama tu barabarani na simu yako, mtu anapita, unabonyeza, unajua jina lake, kazi yake, na ana shilingi ngapi. Mama mmoja nimemkomba zote wala hakugeuka. Kuna mzee mmoja nilimwonea huruma, simu ilionyesha mkewe anaumwa, nikamchukulia nusu..."

Spika! Simu yangu ilikuwa bado imeshikana na ile spika, na mimi huku nyuma ya kihenge ndiye niliyekuwa naongeza sauti.

Nikabonyeza kuzima, vidole vinateleza, nikabonyeza siko, ikaruka mbele. "...udhaifu wake sasa. Polisi ni wajinga, ukijificha nyuma ya pipa la taka wanakusahau. Gari zinateleza kama zimepakwa mafuta. Na kazi zinajirudia mno, ingia, iba, kimbia, ingia, iba, kimbia, mtu unachoka. Lakini kwa hela unayoweka, mtu wangu, we ingia tu, hutajuta." Na katika maneno yote hayo, neno gemu sikulitaja hata mara moja, maana Kenani alikuwa anajua tunaongelea nini.

Nikakimbia ndani. Mezani kulikuwa na simu nne wakati natoka, sasa haikuwepo hata moja. Shangazi Yustina alikuwa ameikalia ya kwake. Mzee mmoja wa jumuiya alikuwa anahangaika kutoa betri. Nikamtazama mshenga wangu anitetee, na Mzee Lusajo, mtu wa maneno matamu, akakohoa akasema, "Mimi kijana huyu, kusema kweli, tunajuana kwa fotokopi tu."

Wakaanza Kifipa, cha haraka, mimi naokota vipande: simu, mahindi, polisi, simu. Mzee Deo alikuwa ameishika ile spika kwa mikono miwili, ananiangalia, na kilichoniumiza ni kwamba hakuwa na hasira, alikuwa ananisikilizia sauti.

"Kijana," akasema, "ni wewe uliyenipigia?"

"Hapana mzee! Hapana, haki ya Mungu!"

"Maana yule naye alikuwa na heshima hivyo hivyo."

Nikaona Skola ananitoka hivi hivi, mchana kweupe. Bahati nzuri mwenyewe alishasikia kutoka jikoni, akaingia bila kuitwa, mwiko mkononi, anacheka mpaka machozi (kwa hicho kicheko nilimkasirikia siku mbili). "Baba, hilo ni gemu! Anacheza gemu, hana hata akili ya kumwibia mtu!"

"Gemu ndiyo nini?"

Nikadakia mimi, na hapo ningemwachia Skola. "Ni mchezo mzee, kwenye kompyuta. Unajifanya mwizi."

"Unajifanya."

"Ndiyo mzee. Kujifanya tu."

"Na hapa kwangu, umekuja kujifanya nini?"

Nikajibu nilichokuwa nacho, kwamba hapa sijifanyi mzee, hapa nimemfuata Skola, na suti hii sijawahi kuivaa kabla ya leo wala haijanikaa. Mama Skola akaguna kidogo, nafikiri ilikuwa kwa ajili ya suti. Mzee akataka aone. Nikamtafutia video fupi niliyorekodi nikicheza, akaisogeza mpaka puani, akatazama yule jamaa anavyotembea, watu wanavyopita, hela zinavyohama, akatazama mpaka mwisho.

"Mji mzuri," akasema. "Taa nyingi. Ila umesema ubaya wake ni gari kuteleza na polisi wajinga."

"Ndiyo mzee."

"Yule mzee uliyemchukulia nusu. Mchezo unaonyesha alivyofika nyumbani kumwambia mkewe?"

"Hauonyeshi."

"Basi huo ndio ubaya wake. Mimi nilizunguka shambani mpaka giza, nikashindwa kuingia ndani." Mama Skola akamshika mkono, mbele ya wageni, kitu ambacho Skola anasema hajawahi kukiona. Na mimi, bingwa wa maoni, nikaizima ile video. Niliona aibu nyingine kabisa, siyo ile ya spika.

Posa haikukataliwa, ila tuliambiwa turudi siku nyingine, na safari ya pili nilikwenda na mshenga mwingine. Tukakubaliwa. Kwenye ukoo ule nilishapewa jina, naitwa Ingia-Iba-Kimbia, watoto wananiita hivyo hadi kanisani. Na Kenani jioni ile akaniandikia kwa hasira mbona simjibu, kumbe mtandao wa kule ulikuwa hafifu, ujumbe haukutoka, kwa hiyo waliosikia maoni yangu ya kitaalamu ni wakwe tu, tena mara mbili.

Gemu bado nacheza, sitawadanganya, ila wapita njia siwagusi, nawaacha waende kwao. Na sauti yangu mwenyewe sitaisikiliza tena maisha yangu yote, nikishatuma nimetuma.

Mwezi uliopita Mzee Deo aliuza mahindi. Akapanda gari toka Msanzi mpaka kibandani kwangu, akasubiri mteja atoke, akatoa leso mfukoni, akafungua mafundo taratibu, ikatoka simu, bado ina punje za ulezi kwenye vitufe.

"Umeingia ujumbe kwamba hela imefika," akasema. "Nisomee wewe, mkwe, kama ni wa kweli. Wewe si ndiye unayewajua wenzako."

Na akaiacha mkononi mwangu, akageuka kuangalia watu barabarani. Nikausoma, nikakagua namba, nikausoma tena. Ulikuwa wa kweli. Nikamfungia simu yake kwenye leso, mafundo mawili, nikamrudishia.

"Zote?" akauliza, uso mkavu.

"Zote, baba."

"Hata nusu hukuchukua?" Akacheka peke yake mpaka stendi.