Springi ya Mama

Mnisamehe mwandiko wangu na makosa ya herufi. Shule niliishia ya msingi, na nikiandika mkono unakwenda polepole.

Tulipotoka Kongo, mimi na mama tulipanga chumba cha nyuma kwa mwanamke mmoja Mhindi, huku kusini mwa Afrika, karibu na viwanda vya mtaa wa Jacobs. Tulimwita Anti. Mama alikuwa anaumwa kifua, na alilala chini kwenye godoro la sponji lililokwisha kuwa jembamba kama blanketi. Baridi ya sakafu ilimpanda mbavuni.

Siku moja nikiteka maji kwenye bomba la bustani, Anti aliniambia kwa Kiingereza, "Mwambie mama yako avumilie. Springi inakuja, kifua kitafunguka."

Springi niliyoijua mimi ni ile ya kitanda. Niliona aibu kuuliza. Nikampelekea mama habari kwamba Anti ataleta kitanda cha springi. Mama alifurahi, akanituma nifagie pembeni pa kukiweka.

Tukangoja. Upepo wa Agosti ulipiga mabati. Mforosadi wa bustanini ulikuwa fito tupu, nilidhani umekufa. Asubuhi moja nikaona vichipukizi vya kijani kwenye zile fito. Matembele yaliyonyauka yakaanza kutambaa tena, na mbegu za maboga zilizotupwa pamoja na maji ya kuoshea vyombo zikapasua udongo. Masizi ya viwandani yalitua juu ya hayo majani mapya. Ukiyagusa, vidole vinakuwa vyeusi.

Anti akatoka na kikombe cha chai, akaunyooshea mforosadi kidole. "Unaona? Springi imefika."

"Iko wapi, Anti?" niliuliza, nikitazama getini kama kuna gari.

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Ndipo nikaelewa kwamba springi ya Kiingereza chake ni majira ya miti kuchipua. Nilikaa pale bombani muda mrefu kabla ya kuingia ndani kumwambia mama.

"Majani?" mama alisema. "Siku zote hizi nangoja majani?" Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kwenye kitambaa kukawa na damu.

Anti ndiye aliyetafuta gari la kumpeleka hospitali. Nilipokwenda kumwona, mama alikuwa juu ya kitanda cha chuma. Alikibonyeza kwa kiganja, kikalia.

"Sikia, mtoto wangu. Springi yako iko hapa. Anti hakudanganya."

"Utarudi, mama. Matembele yameshakuwa mengi."

"Basi uyachume. Yasikomae."

Hakurudi. Siku tuliyomzika, forosadi zilikuwa bado nyekundu na kali. Matembele nilishindwa kuyachuma. Yalikomaa, yakatambaa mpaka mlangoni petu.

Sasa mforosadi umechipua tena. Anti amelitamka lile neno, nami nikasikia kitanda cha hospitali kikilia. Wewe unayesoma, kama unajua jina la majira haya kwa Kiswahili, niandikie. Nitasoma polepole, lakini nitajibu.